Mitumbwi Tisa ya Selina

Odeta alikuwa mtu asiyeweza kutulia. Hata akikaa, mguu wake mmoja ulikuwa unatingishika chini ya meza mpaka kikombe cha chai kinalia juu ya kisahani. Pale karakana ya mitumbwi ya Mzee Jumbe, Nyakato, Mwanza, mafundi walikuwa wanasema ukitaka kujua kama Odeta yupo ofisini huna haja ya kuchungulia, sikiliza kikombe.

Alikuwa na sababu yake. Kazi alipewa kwa majaribio ya miezi mitatu, na siku ya kwanza Mzee Jumbe alimuuliza maswali mawili tu. La kwanza, kama anaijua kompyuta. Odeta akasema anaijua, na hilo lilikuwa kweli, maana alisoma wiki sita mjini kwenye chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, watu wanane kwa mashine mbili. La pili, kama ana mtoto. Mzee alimweleza kwamba msichana aliyekuwapo kabla yake alikuwa na mtoto, kila wiki mtoto anaumwa, kila wiki ofisi imefungwa. Odeta akasema hana. Hilo halikuwa kweli. Selina alikuwa na miaka minne, yuko Kisesa kwa bibi yake, na kila Jumapili jioni mama yake akiondoka alikuwa anakimbilia nyuma ya jiko ili asimwone anavyopanda gari.

Mpango wa Odeta ulikuwa mfupi. Miezi mitatu ikiisha apewe barua ya kudumu, apange chumba, amlete Selina, halafu ndiyo aseme. Aliona mtu mwenye barua mkononi anaweza kusema mengi. Kwa hiyo alikuwa anahesabu siku, na mguu unahesabu pamoja naye.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mtu anakimbia. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimeota ufukweni kama uyoga, na kila kiwanda kina mawakala wake, na kila wakala anataka mitumbwi ya kuwapa wavuvi wa visiwani. Zamani mteja alikuja, akakaa juu ya magogo, akanywa chai, akaelewana na mzee kwa mdomo. Sasa mteja hakai. Anataka profoma, yaani ile karatasi ya bei, tena anakusanya tatu kutoka karakana tatu, na anayewahi ndiye anayepata. Mzee Jumbe alikuwa anaziandika kwa mkono juu ya karatasi ya kaboni, taratibu, kwa herufi za kulala, na alipokuwa anapuliza wino mwenzake alikuwa ameshapata kazi. Ndipo akaenda mnadani, ofisi moja ya pamba ilipouza vitu vyake, akarudi na kompyuta imefungwa kwenye shuka.

Lakini mashine ilikuja ikamkuta mzee na taratibu zake, naye hakuziacha. Ya kwanza, kila mtumbwi uwe na mstari wake kwenye karatasi, hata kama mteja anataka kumi inayofanana. Alikuwa anasema mtumbwi si msumari, hauandikwi kwa kilo. Kila mmoja utapata mbao zake na mwenyewe wake. Ya pili, hakuna chumba, yaani nafasi ya kujaza, kinachoachwa wazi kwenye karatasi. Akiona pengo anairudisha. Ya tatu, karatasi ikishapigwa mhuri wa mteja, hiyo ndiyo karatasi. Haiongezwi herufi wala haipunguzwi. Inatundikwa kwenye msumari kule nyuma kwa mafundi, na mafundi wanafanya kilichoandikwa.

Odeta alipatana na taratibu hizo kwa kunakili. Ukurasa wa ile mashine ulikuwa na vyumba vyumba kama daftari la hesabu. Alikuwa anaandika mstari wa mtumbwi wa kwanza mpaka mwisho: urefu, aina ya mbao, misumari, pamba ya kuzibia nafasi, rangi, na mwisho kabisa jina litakaloandikwa ubavuni, kwa sababu hakuna mtumbwi unaoshuka ziwani bila jina. Halafu anaushika mstari mzima, anaunakili, anaushusha chini mara anazotaka. Mstari mmoja unazaa kumi. Baada ya hapo anarudi juu, anabadilisha kinachotofautiana. Ngosha, fundi rangi, alikuwa anakuja kusimama mlangoni na brashi yake kuangalia jambo hilo, anatikisa kichwa, anaondoka bila kusema neno.

Odeta alijua pia ubaya wake. Ukinakili mstari, kila kitu kinashuka nao, pamoja na usichokitaka. Mara moja alishawahi kuandika futi thelathini na mbili kwa mitumbwi yote wakati miwili ilikuwa ya ishirini na nne, na mzee akamsema mbele ya mteja. Tangu hapo alikuwa anakagua chumba kwa chumba, kidole kwenye kioo. Ila chumba cha jina kilikuwa kulia kabisa. Kioo kile kilikuwa kidogo, ukikaa upande wa kushoto wa ukurasa chumba hicho hukioni.

Alhamisi moja asubuhi Suhaib akaingia na pikapu yake, hajazima injini. Suhaib alikuwa wakala wa kiwanda kimoja cha minofu, kijana wa mjini, miwani imekaa juu ya kichwa. Alimwamkia mzee haraka haraka na kusema anataka mitumbwi tisa, kwa wavuvi tisa wa mialo tisa ya kushushia samaki, na karatasi aipate kabla ya saa sita maana meneja anasafiri. Mzee akauliza majina. Suhaib akasema wavuvi bado wanachagua, orodha italetwa kesho.

Odeta akakaa. Siku hizo umeme ulikuwa wa mgao, na upande wa Nyakato ulikuwa unakatwa mchana bila saa maalumu. Akaandika mstari wa kwanza mbio. Alipofika kwenye jina akasimama. Hakuweza kuacha wazi, mzee angeirudisha. Vidole vikaandika lile jina ambalo vilikuwa vinaliandika kila mara akiwasha mashine kujaribu kama inafanya kazi. SELINA. Akaushika mstari, akaushusha mara nane. Akarudi kushoto, akarekebisha urefu, akarekebisha mbao, akakagua kwa kidole, mguu unatingishika. Printa ikaanza kupiga kelele na kutema ile karatasi yenye matundu pembeni, na mstari wa mwisho ulipotoka tu taa ikazimika. Mzee akaisoma kwa mwanga wa dirisha, akaona vyumba vyote vimejaa, akaweka saini. Suhaib akaikunja bila kuisoma, akaondoka.

Kesho yake orodha ikaletwa, karatasi ya daftari iliyochanwa, majina tisa kwa kalamu ya bluu. Umeme ulikuwapo. Odeta akayaingiza moja moja, akatoa karatasi mpya, akaiweka kwenye faili kumngoja Suhaib, na ile ya wavuvi akaitia kwenye droo. Roho yake ikatulia. Hakujua kuwa ile ya kwanza ilikuwa imeshapigwa mhuri na meneja jana yake, kabla hajasafiri. Na iliporudi, mzee mwenyewe aliipokea getini, akapita nayo moja kwa moja mpaka nyuma, akaitundika kwenye msumari.

Wiki tano zikapita. Zikabaki siku nne majaribio yaishe. Odeta alikuwa ameshaona chumba karibu na kazini, chenye dirisha moja na mlango wa bati, na mwenye nyumba alikubali kumngojea mpaka mwisho wa mwezi. Siku mbili za kupaka rangi alitumwa mjini kufuatilia misumari, kwa hiyo nyuma hakufika. Jumamosi asubuhi aliposikia mafundi wanacheka akafikiri ni mambo yao. Kicheko kikaendelea. Akainuka, akaenda.

Mitumbwi tisa ilikuwa imepangwa juu ya magogo, pua zote zinaangalia barabara, rangi ya bluu na nyeupe bado inanukia. Na ubavuni, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, herufi ambazo Ngosha peke yake alikuwa anaziweza, kulikuwa kumeandikwa Selina. Selina, Selina, Selina, mpaka kwenye ukuta.

"Dada Odeta, njoo uone kazi," Ngosha akasema. "Huyu mwanamke nimemwandika mpaka namuota."

Odeta akauliza, kwa sauti ambayo hakuijua kama ni yake, kwa nini hakuuliza mtu. Ngosha akamwonyesha karatasi kwenye msumari, na mhuri wake. Akasema yeye alidhani ni mchumba wa meneja, matajiri wana mambo yao. Fundi mwingine akasema hapana, yeye alidhani ndilo jina la kampuni. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake, na hakuna aliyeona kuwa dada wa ofisini ameshika ukingo wa mtumbwi wenye rangi mbichi na kiganja chake kimekuwa cha bluu.

Mzee Jumbe akatokea na kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, akatembea kutoka mtumbwi wa kwanza mpaka wa tisa, taratibu, kama mtu anayekagua gwaride. Akauliza Selina ni nani. Odeta akasema ni jina lililotoka kwa mteja. Neno lilitoka kabla hajalichagua. Mzee akaitazama karatasi, akautazama mhuri, akasema basi, mteja ana haki yake.

Saa nne Suhaib akaja na lori la kubebea na wavuvi wawili waliotangulia kuchukua ya kwao. Mmoja alikuwa Yakobo, kijana mcheshi kutoka Ukerewe. Wa pili alikuwa Chenge, mtu mzima, mrefu, mkimya, mikono imechanwa na kamba. Odeta alisimama kwenye mlango wa ofisi. Suhaib akashuka, akaona, akashika kiuno. Kisha akacheka. Akasema Mzee Jumbe kumbe ni mtu wa biashara, hii ndiyo alama, mtu akiona Selina ziwani atajua huo ni wa Suhaib, hata wezi wa samaki watajua. Akasema angepewa ushauri huo mapema angelipia.

Odeta akaegemea fremu ya mlango. Imepita. Siku nne tu.

Yakobo naye alikuwa anacheka, anauliza kama huyo Selina anajua kupika sangara. Chenge hakucheka. Aliuzunguka mtumbwi wake, akagonga mbao kwa kifundo, akapitisha kidole kwenye pamba ya maungio, akaonekana kuridhika na kazi. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, kwamba huo hauchukui.

Suhaib akauliza una kasoro gani. Chenge akasema hauna kasoro. Ni jina.

"Jina halivui samaki, baba," Suhaib akasema. "Kama tatizo ni kufanana tutaweka namba. Selina wa kwanza, Selina wa pili. Imekwisha."

"Namba mnazijua ninyi wenye makaratasi," Chenge akasema. "Mke wangu hasomi. Yeye anasikia jina. Upepo ukipiga, mtu akifika mwaloni akasema Selina umezama, watasikia wanawake tisa. Umezama mmoja, zinalia nyumba tisa."

Yakobo akaacha kucheka.

Chenge akaendelea, sasa anamwangalia mzee kwa kuwa ndiye mkubwa pale. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na kidogo tangu ile meli izame karibu kabisa na mji, na pale Nyakato hakuna aliyehitaji kuambiwa meli gani. Akasema siku zile alikuja Mwanza kumtafuta mdogo wake, Jonathan. Akakuta karatasi zenye majina ukutani. Jina la mdogo wake lilikuwapo. Lilikuwapo mara mbili, mistari miwili inayofuatana, na mtu aliyekuwa anasoma hakujua kama ni watu wawili au ni mwandishi karudia. "Siku mbili nilikaa chini ya ule ukuta," akasema. "Sikujua nilie au ningoje. Sitaki mtu wa nyumbani kwangu akae hivyo."

Hakuna aliyemuuliza mwisho wake ulikuwaje. Brashi ya Ngosha ilikuwa inadondosha tone tone kwenye vumbi.

Suhaib akavua miwani kichwani. Akasema yeye lakini alileta orodha ya majina, alimpa mtu ailete. Mzee akasema hakuiona. Suhaib akasema basi yule kijana wake hakuifikisha, ni mtu wa kusahau, na atamfukuza leo hii. Mzee Jumbe akageuka kwenye mlango wa ofisi.

"Odeta. Orodha ilifika?"

Droo ilikuwa hatua sita nyuma yake. Ni yeye peke yake aliyejua kilichomo. Akisema haikufika, lawama inakwenda kwa mtu asiyekuwapo, tena mtu ambaye hata jina lake halijui, na watu watabishana hapo, na mwisho Suhaib atashinda kwa sababu lori linangoja, na mitumbwi itaondoka, na siku nne zitaisha. Akaona kile chumba cha mlango wa bati. Akaona Selina amesimama mlangoni. Kisha akaona mwalo asioujua, wanawake tisa wamesimama kwenye mchanga, na mtu anateremka kwenye chombo na kulitamka jina la mtoto wake.

Mguu wake ulikuwa umetulia. Yeye mwenyewe alishtuka kuona hivyo.

Akaingia ndani, akatoka na karatasi ya daftari. Akampa mzee kwa mikono miwili.

"Ilifika," akasema. "Niliyaingiza majina kesho yake, karatasi yenye mhuri ikawa ni ile ya kwanza. Kosa ni langu. Niliandika jina la kushikia nafasi, nikanakili mstari, likashuka nao."

Mzee akaisoma orodha mpaka mwisho. Akaikunja. "Asubuhi uliniambia limetoka kwa mteja."

"Ndiyo, mzee."

"Selina ni nani?"

"Ni mtoto wangu."

"Wa kuzaa?"

"Wa kuzaa. Yuko Kisesa kwa mama yangu."

Mafundi wakaangalia pembeni. Mzee Jumbe hakufoka. Alisema tu, kama anayejikumbusha, kwamba basi uongo ulianza siku ya kwanza. Kisha akamgeukia Ngosha na kumwambia alete msasa, na rangi iliyobaki, na kama haitoshi inunuliwe kwa mfuko wake yeye mzee, kwa sababu karatasi ile ina saini yake. Akamwambia Suhaib lori lirudi Jumatatu. Suhaib akalalamika njia nzima mpaka kwenye lori, lakini wavuvi hawakumfuata. Walichukua msasa.

Walisugua Jumamosi yote, na Jumapili baada ya watu kutoka kanisani. Odeta alisimama katikati ya mitumbwi na orodha mkononi, anamsomea Ngosha jina moja moja, na hasomi la pili mpaka la kwanza limekwisha. BADO NIPO. MAMA BERNADETA. USINICHEKE, huo ulikuwa wa Yakobo. RADI. Ngosha alikuwa ananung'unika kwamba Selina alikuwa na herufi nzuri kuliko hawa wote. Alipofika mtumbwi wa saba, Odeta akanyamaza. Chenge alikuwa ameinama anasugua, mgongo umelowa jasho.

"Soma tu, mwanangu," akasema.

"Jonathan," Odeta akasoma.

Akaisikiliza brashi ikianza J.

Jumapili hiyo hakwenda Kisesa, na usiku hakulala vizuri, akimfikiria mtoto aliyemngojea barabarani mpaka jioni. Jumatatu mitumbwi ikapakiwa. Jua lilikuwa bado chini, linapiga ubavuni, na chini ya kila jina jipya ungeweza kuona, ukijua pa kutazama, mkunjo wa S ya zamani ambao msasa haukuumaliza.

Mzee Jumbe akamwita. Mezani kulikuwa na barua, ameiandika kwa mkono, kwa zile herufi za kulala. Odeta akajua kabla ya kuisoma kwamba si ile aliyoihesabia siku. Ilisema majaribio yanaanza upya, miezi mitatu.

"Nilikuwa nampima mtu asiye na mtoto," mzee akasema. "Yule nimemaliza kumpima, hayupo. Huyu mwingine bado simjui."

Odeta akasema asante. Akauliza kama anaweza kuondoka saa nane. Mzee akauliza anakwenda wapi, naye akasema Kisesa. Mzee akatazama dirishani, mahali lori lilipokuwa, akasema aangalie mvua.

Chumba cha mlango wa bati mwenye nyumba alikuwa ameshampa mtu mwingine. Akapata kingine, kibaya kuliko kile, kinavuja pembeni. Wiki ya kwanza Selina alikuwa anakuja naye kazini, anakaa kwenye kigoda karibu na printa, na kila ikipiga kelele anaziba masikio na kucheka. Hakuwa mtoto wa kuumwa. Ila alikuwa na maswali mengi, na kubwa lilikuwa kama ile mashine inamjua.

Siku moja Odeta alikuwa anatengeneza karatasi ya mitumbwi mitano, mteja amesimama mlangoni na funguo zinazunguka kidoleni. Mstari wa kwanza ulikuwa umekamilika mpaka kwenye jina. Mguu ulikuwa umeanza tena, kikombe kinalia. Akampakata mtoto, akasogeza ukurasa mpaka kulia kabisa, akaliandika. Selina akaweka kidole kwenye kioo, herufi kwa herufi, akauliza kama ni yeye.

"Ni wewe," Odeta akasema.

Akamwacha aangalie. Halafu akalifuta, akahakikisha limefutika, akamgeukia mteja na kumuuliza mtumbwi wa kwanza ataupa jina gani. Alipojibiwa ndipo akaushika mstari.